Chembe cha moyo kinawaka: ni vidonda au ni moyo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari, presha na vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Juzi usiku chembe cha moyo kilimwaka, akatapika na kulowa jasho la baridi. Tukampa magneziamu, akapata nafuu. Tutajuaje siku nyingine kama ni tumbo au moyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Msingoje siku nyingine. Mpelekeni leo hospitali yenye mashine ya ECG, yaani ya kupima umeme wa moyo, hata kama sasa anapika na kucheka. Kinachotia shaka ni lile jasho; kiungulia hakilowanishi nguo. Nafuu ya magneziamu haithibitishi lolote, kwani maumivu ya moyo nayo huja na kuondoka.

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, hivyo mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kusikia kifua kikibanwa na maumivu kushuka mkono wa kushoto. Badala yake huishiwa pumzi, huchoka ghafla, hupata kichefuchefu, au huumwa taya au mgongo. Maumivu ya vidonda mara nyingi hufuata chakula au njaa. Ya moyo hufuata kazi, kama kupanda ngazi au kubeba ndoo. Lakini yakifika dakika 15 naye amepumzika, acheni kubishana, tafuteni gari. Bodaboda hapana.

Akae ameegemea, magoti yamekunjwa. Asiye na mzio wa aspirini, wala hatapiki damu au kupata choo cheusi, hutafuna miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75. Kutafuna huifanya iingie kwenye damu haraka. Kwa kuwa mama ana vidonda, muulizeni daktari wake suala hili mapema. Msimwongezee dawa ya presha. Akizimia na hapumui sawasawa, mlazeni chali pagumu, mbonyeze katikati ya kifua kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha.

ECG ya kwanza ikiwa safi, bado ulizeni kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia. Hubaki juu kwa siku kadhaa, kwa hiyo hata tukio la juzi linaweza kuonekana. Likitokea tena, andikeni saa maumivu yalipoanza: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12, na daktari ataanza kwa kuuliza hilo.