Wosia wa mzee ulikuwa safi, kilichotutoa jasho ni fomu moja ya zamani

Mzee wetu alikuwa mtu wa karatasi. Risiti za miaka na miaka anazo, zimebanwa na pini zilizoota kutu, kila kitu na bahasha yake. Kwa hiyo alipofariki na wakili akatusomea wosia, kurasa nne, saini kila ukurasa, mashahidi wawili ambao hata hatuwajui, mi nikajua hii kazi ya usimamizi wa mirathi miezi mitatu minne nimemaliza. Nikakaa nayo miaka miwili kasoro. Na wosia wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Ilikuwa hivi. Mzee aliandika pesa za bima ya maisha zigawanywe sawa kwa mama na sisi wanne, imeandikwa vizuri haina utata. Nikaenda kampuni ya bima na cheti cha kifo na fotokopi za kila kitu, dada wa kaunta akatoa faili, akapekua, akanigeuzia fomu nione mwenyewe. Sehemu ya mnufaika kuna jina moja tu, la baba mdogo, na mwandiko ni wa mzee kabisa, ile K yake yenye mkia mrefu. Tarehe ni mwaka mmoja kabla hajamuoa mama. Yaani alikuwa kijana, hana mke hana mtoto, akamwandika mdogo wake, afu maisha yakaendelea na fomu ikalala. Nikamwambia yule dada, lakini wosia unasema hivi na hivi. Akanijibu kwa upole tu, "Kaka, sisi tunalipa kwa fomu."

Sasa hapa ndo wengi tunapotea. Tunadhani wosia unashika kila kitu alichokuwa nacho marehemu, kumbe kwa kawaida unashika kile kilichokuwa kwa jina lake peke yake na hakijapangiwa njia nyingine. Bima na pensheni mara nyingi zina njia yake, ni ile fomu. Akaunti ya watu wawili mara nyingi inabaki kwa aliye hai. Nyumba inategemea hati imeandikwaje, kama ni umiliki wa pamoja ule ambao mmoja akifa mwenzake anachukua yote basi wosia hauna cha kugawa hapo, lakini kama kila mtu ana fungu lake linalojulikana, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Maneno mawili matatu tu kwenye hati, tofauti yake nyumba nzima. Na hata hilo la fomu sheria hazifanani, kuna nchi aliyeandikwa ni mpokeaji tu anawashikia warithi, na kuna nchi pesa ni yake moja kwa moja. Muulize wakili wa hapo ulipo, usimuulize shemeji.

Na wala si sisi peke yetu. Marekani kuna kesi ya David Egelhoff, alikuwa anafanya kazi Boeing, akaachana na mkewe 1994 na miezi kama miwili baadaye akafariki kwa ajali ya gari. Hakubadilisha fomu za bima na pensheni ya kazini, jina la mkewe likabaki pale pale. Sheria ya jimbo lake, Washington, ilikuwa inasema talaka inafuta jina la mtalaka, lakini Mahakama ya Juu mwaka 2001 ikasema mafao yale ya kazini yanaongozwa na sheria ya shirikisho, kwa hiyo jina lililo kwenye fomu ndo linalolipwa. Mtalaka akashinda, watoto wa ndoa ya kwanza wakakosa.

Turudi kwa baba mdogo, maana najua mtauliza. Hakuiba kitu, na naomba asisemwe vibaya. Siku nilipompelekea nakala ya fomu aliishika muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena, akaniambia, "Mwanangu, kaka hakuwahi kuniambia." Mwezi huo wote hakupokea simu yangu. Baadaye sana akatoa nusu. Nusu nyingine alibaki nayo, na kisheria hakuwa anadaiwa na mtu. Mama hajawahi kulizungumzia hilo tena, ila wakikutana salamu zimekuwa fupi.

Mengine nitayapitia haraka. Shahidi wa wosia asiwe mtu unayemrithisha wala mume au mke wake, ni kanuni ya Uingereza tangu 1837 na nchi nyingi zimeifuata, wosia unabaki halali ila yeye anakosa kile alichoandikiwa. Mashahidi wawe pamoja wakuone ukisaini, si mmoja asubuhi mwingine jioni. Kuoa au kuolewa baada ya kuandika wosia, nchi nyingi kunaufuta wote, na watu hawajui wanakaa na karatasi mfu kabatini. Madeni yanalipwa kwanza ndo warithi wanafuata, kwa hiyo usimwahidi mtu kitu ambacho mkopo bado unakidai. Na unayetaka asimamie mirathi muombe kabla, mi sikuombwa, nilisikia jina langu likisomwa.

Wosia uko wapi? Orijino, sio picha kwenye simu. Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018, familia ikadhani hakuacha wosia, mwaka uliofuata zikapatikana karatasi za mwandiko wake nyumbani, moja kwenye daftari chini ya mito ya sofa. Ikabidi wanawe wafike mpaka mahakamani na 2023 ndo baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likaamua la kwenye sofa ni wosia halali. Na sheria za asili ya Kiingereza zina jambo baya zaidi, kama orijino ilikuwa mikononi mwako na haionekani, mahakama inaanza kwa kuamini uliichana mwenyewe, mpaka mtu athibitishe vingine.

Trasti, yaani mali unaikabidhi kwa msimamizi aishike kwa faida ya unaowataka, nayo nimeisikia sana siku hizi, kila mtu anaiuza kama dawa ya mirathi. Ni nzuri hasa ukiwa na watoto wadogo au mtu asiyeweza kujisimamia, lakini trasti ni kama kapu, ukilinunua usipotia kitu ndani umenunua kapu. Lazima hati ibadilishwe jina, akaunti ihamishwe, hisa zihamishwe. Jamaa yangu mmoja alilipa wakili, akapata faili zuri lenye jalada gumu, miaka sita baadaye hakuna hata kiwanja kimoja kilichoingia humo. Alipofariki wakarudi kwenye mirathi ya kawaida kama watu wengine wote, na faili lipo.

Nilipomaliza ya mzee nikajiona mjuzi, nikaenda ofisi ya rasilimali watu kazini kwangu kuomba faili langu niangalie niliandika nini. "Una miaka tisa hapa," akasema yule mama wa faili, huku anapekua. Akanipa fomu. Jina langu lipo, saini ipo, kwenye mnufaika kuna penseli, mwandiko wangu mwenyewe: nitajaza baadaye.