Top Gear nzima inapatikana wapi? Maswali yenu na majibu

Kila nikigusia magari ya Waingereza, barua zinazorudi hutoka kwa watu wanaoishi mbali na Uingereza, na karibu wote wanataka kitu kimoja: Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, kama ilivyorushwa BBC Two, bila kupunguzwa. Wanachokusudia hasa ni kile kipindi kilichofufuliwa Oktoba 2002 na Jeremy Clarkson pamoja na mtayarishaji Andy Wilman, si kile cha zamani kilichoanza mwaka 1977. Nimechambua barua chache, nyingine nimezifupisha.

"Habari za kazi. Nilikuwa London kwa dada yangu, tukaangalia episodi moja ya Top Gear. Niliporudi huku nikaikuta ileile kwenye BBC America, lakini mambo yanarukaruka na kuna kipande kizima sikukiona. Au ni macho yangu?" (Columbus, Ohio)

Nzuri, dada. Macho yako mazima. Ulichokiona London kina urefu wa saa moja hivi, kwa sababu BBC Two hairushi matangazo ya biashara; fedha zake zinatokana na ada ya leseni wanayolipa wenye televisheni. BBC America inaishi kwa matangazo, na katika saa moja ya televisheni ya Marekani kipindi chenyewe hubakiwa na dakika arobaini na kitu tu. Kwa hiyo dakika kama 15 lazima zitupwe.

Sasa mkasi unapita wapi? Mhariri hawezi kukata jaribio la gari katikati, maana mtazamaji atauliza gari lilifikaje mwisho wa barabara. Anakata maongezi. Kipande cha habari, pale watangazaji watatu, Clarkson, Richard Hammond na James May, wanapokaa kwenye viti vilivyong'olewa kwenye magari na kubishana huku watazamaji wamesimama kuwazunguka, ndicho huumia kwanza. Sababu inaeleweka: nusu ya mizaha ile inahusu kamera za mwendo kasi, waziri fulani wa Uingereza wa wakati ule, au gari ambalo Marekani haliuzwi kabisa. Baada ya hapo anaguswa mgeni wa siku, yule anayepewa Suzuki Liana (baadaye ikawa Chevrolet Lacetti, kisha Kia Cee'd) azunguke uwanja wa Dunsfold kule Surrey. Mzunguko wake utauona, mazungumzo yake utayasikia nusu.

Mimi naona hapo wanakata nyama na kukuachia mfupa. Gari la bei mbaya linalopita kwa moshi na kelele utaliona kwenye kipindi chochote cha magari. Clarkson kumkera James May kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu, huku Richard Hammond akichochea pembeni, hilo ndilo lililowafanya watu wasiojua hata kubadili tairi wakae kuangalia. Ndiyo maana unapata episodi ambayo watu wanacheka na wewe hujui wanacheka nini. Mwanzo wa mzaha umebaki kwenye chumba cha uhariri.

Kabla hujalipia popote, angalia urefu ulioandikwa. Ukikuta dakika 58 hadi 60, hiyo inaelekea kuwa nzima. Ukikuta 42 au 44, umekatiwa.

"Shikamoo. Mimi nilipata ya dakika zote, tena rasmi. Lakini rafiki yangu aliyeiona ilipotoka anasema muziki siyo ule. Inawezekana?" (Mombasa)

Marahaba. Inawezekana sana, na watu wengi hawalifikirii hili. Ndani ya Uingereza BBC ina mikataba ya jumla na PRS for Music, wanaosimamia haki za watunzi, na PPL, wanaosimamia haki za rekodi zenyewe. Mhariri wa BBC anaweza kuweka karibu wimbo wowote maarufu chini ya picha ya gari bila kwenda kumwomba mwenyewe. Lakini mikataba hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kuuza diski wala kupeleka kipindi nchi nyingine. Huko kila wimbo unaombewa ruhusa yake na kulipiwa peke yake, hata kama umesikika kwa sekunde 10. Episodi moja ya Top Gear ilikuwa na vipande vya nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hesabu haikubali. Wanaondoa wimbo, wanaweka muziki wa bei nafuu usiojulikana na mtu. Picha ni ileile, msisimko hakuna. Hapa sina dawa halali ya kukupa.

"Assalaam aleikum. Mwanangu anasoma Leeds, anataka kuniletea DVD. Zitacheza huku kwetu?" (Muscat)

Wa aleikum salaam. Zitacheza, inshallah. Tazama nyuma ya kasha: kuna kialama cha dunia chenye namba ndani. Hiyo ni namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa kuchezwa. Uingereza ni kanda ya 2, na nchi za Ghuba ziko kanda hiyohiyo. Mfumo wa picha nao ni PAL pande zote mbili. Ukitaka kumpelekea ndugu Unguja ndipo uulize kwanza, kwa sababu Kenya na Tanzania ziko kanda ya 5 na deki inaweza kukataa, ingawa deki nyingi za bei ya chini zinasoma kila kanda. Asije tu akakununulia za Marekani. Hizo ni kanda ya 1. Suala la muziki nililomjibu wa Mombasa linakuhusu na wewe.

"Nikilipia leseni ya TV ya Uingereza nikiwa hapa Nairobi, si nitakuwa na haki ya iPlayer? Na kama siyo, VPN je?" (Nairobi)

Leseni hufungwa kwenye anwani ya Uingereza. Ukiwa na zaidi ya pauni 170 kwa mwaka za kuchezea bado hazikusaidii, kwa sababu masharti ya iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, ni kutazama ukiwa Uingereza. VPN, ile huduma ya kuficha uko nchi gani, yenyewe si kosa, ila kuitumia kuingia iPlayer kunavunja masharti yao, na BBC huzifungia kila wanapozigundua. Utalipia VPN mwezi mzima na kuangalia siku mbili. Anayeishi Uingereza akisafiri anaweza kupakua kwenye simu kabla hajaondoka na kuangalia akiwa huku, basi.

Wanaojaziwa flashi dukani siwaungi mkono, lakini siwashangai. Kwa miaka mingi mtu mwenye hela mkononi hakuwa na dirisha la kulipia. BBC walijaribu: Julai 2011 walifungua iPlayer ya kulipia kwa nchi za Ulaya Magharibi, ikaongezwa Kanada na Australia, Marekani haikufika kamwe, na 2015 wakaifunga. Naona walikata tamaa mapema.

"Ile safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile ilipita kwetu. Nawezaje kuipata yote?" (Mwanza)

Ni ya mwaka 2013, msimu wa 19, ilirushwa kwa sehemu mbili. Walianzia Uganda, wakapitia Rwanda, wakaingia Tanzania na stesheni wagoni kuukuu zisizozidi pauni 1,500: Clarkson na BMW 528i, May na Volvo 850R, na Hammond na Subaru Impreza, ambayo vijana wa Nairobi wangeipa heshima zake zote. Ilitolewa kwenye diski, tafuta yenye jina The Great African Adventure. Sehemu ziwe mbili; ukiona moja fupi, achana nayo.

"Mbona The Grand Tour haikatwi?" (Kampala)

Kwa sababu Amazon waliinunua tangu mwanzo kwa ajili ya dunia nzima. Clarkson aliondoka BBC Machi 2015 baada ya kumpiga mtayarishaji, wenzake wawili na Wilman wakamfuata, na kipindi chao kipya, hicho The Grand Tour, kikaanza Novemba 2016. Hakuna saa ya televisheni ya kubana humo, na muziki uliombewa ruhusa ya kila mahali. Safari ya mwisho ya wale watatu ilitoka Septemba 2024, kutoka Zimbabwe hadi Botswana.

"Top Gear yenyewe itarudi?" (Dar es Salaam)

BBC walitangaza Novemba 2023 kwamba haitarudi kwa siku za karibuni, baada ya mtangazaji wake Freddie Flintoff kuumia vibaya Dunsfold Desemba 2022. Zilizopo ndizo hizo. Kama ndiyo kwanza unaanza, anza na msimu wa 2, wa 2003, James May alipoingia.