Chai ya artemisia, asali na tangawizi: kipi kinakwenda na dawa za hospitali?

Mleta mada ameuliza kama chai ya artemisia inatosha badala ya dawa mseto ya malaria, na kama asali na tangawizi nazo zina ushahidi wowote. Naanza na artemisia, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Ni kweli artemisinini, kiini cha dawa mseto, ilitoka kwenye mmea huo. Lakini Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua, aliacha kuchemsha majani na kuyakamua kwa etha (kimiminika cha kuyeyushia) katika joto la chini, ndipo matokeo yakawa ya kuaminika. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake kwenye majani hubadilika shamba hadi shamba. Tena hutoka mwilini ndani ya saa chache. Homa inashuka, mgonjwa anainuka, vimelea vilivyobaki vinazaana upya. Kwa mtoto mdogo au mjamzito, kuchelewa huko kunaweza kuua. Ndiyo maana kidonge cha ALu, yaani dawa mseto yenyewe, kina artemetha mg 20 ya kuua haraka na lumefantrini mg 120 inayokaa siku kadhaa kumalizia kazi. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo, iwe kwa kutibu au kwa kinga.

Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 vya ALu, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa au karanga, kwa sababu tumbo tupu hufyonza lumefantrini kidogo sana. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Kabla ya kusema mseto umeshindwa, uliza kwanza ulimezwa na nini!

Asali ina ushahidi mzuri kwa kikohozi cha mafua cha watoto: nusu kijiko cha chai kwa miaka 2 hadi 5, kijiko kimoja kwa miaka 6 hadi 11, nusu saa kabla ya kulala. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ikichemshwa, kwa hatari ya botulizimu (sumu ya bakteria inayolegeza misuli). Mtoto anayepumua haraka au kubonyea kifua apelekwe hospitali mara moja.

Tangawizi, takriban gramu 1 ya unga kwa siku ikigawanywa mara nne, hupunguza kichefuchefu cha ujauzito. Kwa kutapika kwenyewe msaada wake ni mdogo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze tangawizi wala kitunguu saumu kwa dozi kubwa bila kliniki kujua, kwani damu inaweza kukosa kuganda.

Unga wowote usio na lebo beba wenyewe uende nao kwa daktari. Baadhi ya dawa za "asili" za maumivu zimekutwa zimechanganywa na steroidi (dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe), na aliyezizoea akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa.