Saba Niliyoisoma Moja

Miaka mitatu iliyopita mama yangu aliteleza bafuni kwake Kisumu akavunjika nyonga. Mimi naishi Nakuru. Nilipanda matatu jioni ile ile, nikaomba njia nzima, kuanzia Kericho mpaka Ahero, na asubuhi daktari akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliombea: mama atapasuliwa, familia ilete watu wa kutoa damu, painti tatu.

Nikafanya ambalo mlokole yeyote angefanya. Nikamwandikia katibu wa kanisa la mama: "Bwana asifiwe mama katibu. Mama yuko wadi, tunahitaji damu ya O haraka. Tafadhali tangaza." Namba niliinakili kutoka kijikaratasi kilichokuwa ndani ya Biblia ya mama. Mwandiko wake ni wa kale, na saba yake nikaisoma moja.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi hivi. "Dada, hapa si kwa katibu. Mimi ni fundi wa pikipiki Kondele. Mama yuko hospitali gani?"

Kusema kweli nilidhani ni tapeli. Nikakaa nikingoja aombe "nauli kidogo". Na bado nashauri hivyo hivyo: shaka si dhambi. Usitume hata shilingi. Nilimwambia tukutane mchana, nje ya chumba cha kutolea damu, penye watu. Mwenye nia njema hakasiriki akiambiwa hivyo, naye hakukasirika.

Saa nane akafika, ovaroli ya buluu, kofia ya kuswalia kichwani, vijana wawili nyuma yake. Yeye mwenyewe hakutoa hata tone. Alikuwa ametoa wiki sita tu zilizopita, na mwanamume hungoja miezi mitatu, mwanamke minne. Alikuja kuwaleta vijana. Nikamweleza kwamba wa tatu sijampata, maana majirani wawili wa mama walikuwa wa A nikawaambia waende nyumbani.

Alinitazama kama mtu aliyemwaga petroli nzuri mchangani. "Waite warudi, dada." Damu ya kurudisha, yaani ile ambayo familia hutoa kufidia ya mgonjwa wao, huingia benki ya damu, akanieleza. Mama atapewa ya aina yake iliyokwisha kupimwa, na hiyo ya A inamngoja mgonjwa mwingine. Jirani mmoja alirudi. Mwingine alikuwa ameshafika sokoni Kibuye.

Tulipokuwa tukiwangoja vijana, akatoa daftari mfukoni. Lile dogo la mraba ambalo wenye duka huandikia madeni. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya grisi. Kila mstari: jina, aina ya damu, tarehe ya mwisho kutoa, tarehe atakayoruhusiwa tena. Wanabodaboda, mama wauza samaki, mwalimu mmoja wa madrasa, na wakristo kibao. Nikaomba kupiga picha ukurasa mmoja. Akakubali, lakini kwanza akayafunika majina kwa kiganja.

Nikauliza alianzaje. Binti yake ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huku kwetu kando ya ziwa ugonjwa huo ni wa nyumba nyingi, kwa kuwa aliyerithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, lakini akiirithi kwa wazazi wote wawili anaugua. Mtoto ameongezewa damu mara kadhaa. "Hao waliompa simjui hata mmoja," akasema. "Sasa nitamshukuru nani?" Nilimpa pesa ya nauli akakataa. Akakubali soda za vijana.

Mama anatembea kwa mkongojo, na analalamika kuhusu kila kitu, yaani amepona.

Mimi nilirudi Nakuru nikatoa ushuhuda kanisani. Haleluya zikapigwa, na nusura niishie hapo, maana ushuhuda ni mtamu na hauna kazi. Kilichonisumbua ni ile picha ya kiganja kwenye simu. Nikanunua daftari.

Nilikosea mengi. Jumapili ya kwanza niliandika majina 38 kwa pupa, na siku ya kutoa wakafika 11, tena wanne wakarudishwa: mama anayenyonyesha, kijana asiyefika kilo 50, mmoja aliyetoka kutibiwa malaria, na mimi mwenyewe, damu pungufu. Siku hizi nauliza umri kwanza (ni miaka 16 hadi 65), uzito, dawa wanazomeza, kisha ndipo naandika. Siwapeleki wote siku moja pia. Damu huisha muda wake wiki chache baada ya kutolewa, kwa hiyo watano kila mwezi wana faida kuliko thelathini wa mara moja. Na wengine nawaweka akiba kwa Aprili, Agosti na Desemba. Sehemu kubwa ya damu hutoka kwa wanafunzi, na shule zikifungwa, mifuko hupungua. Desemba ndiyo barabara hujaa. Sisi wa Nakuru tunaoijua Salgaa, kipande cha barabara kilicho maarufu kwa ajali, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ukikutana na mtu wa aina hii, usimwulize sana juu ya imani yake. Mwulize anavyofanya: anaandika wapi, anampigia nani, akikataliwa anasema nini. Fundi ameniambia hayo yote kwa simu, kelele za pikipiki zikiwa nyuma yake, na mara nyingi akikata katikati kwa sababu mteja amefika.

Upungufu wangu wa damu nesi aliutafutia sababu haraka: chai. Nakunywa chai na chakula, na chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Sasa nangoja saa moja au mbili baada ya kula, nakula omena na managu bila kunung'unika. Jumanne narudi kupimwa. Fundi ameshaandika mstari wangu, tarehe bado.