Maswali ya Wasomaji: Bunduki Kuukuu ya Jeshi, Bunduki Mpya ya Kuwindia

SWALI: Muuzaji mwenye leseni yuko tayari kuniagizia Mauser moja ya kijeshi ili fundi aijenge upya iwe ya kuwindia swala pala na pofu. Anazo K98k ya Ujerumani ya 1944, VZ24 ya Czechoslovakia, M48 ya Yugoslavia na M96 ya Sweden. Nataka iwe ya risasi ya .30-06. Nichukue ipi? — Msomaji, Mbarara

JIBU: VZ24, mradi ipite vipimo tutakavyotaja. Unachonunua hapa ni risiva na bolti yake, yaani chuma kinachobeba mtutu na kile kinachofunga chemba. Mtutu, mbao na triga vitabadilishwa vyote, kwa hiyo usishawishiwe na kitako kinachong'aa.

VZ24 ni Mauser 98 kamili. Bolti yake ina meno mawili mbele na jino la tatu la akiba nyuma, kucha pana inayolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, na matundu ya kupitishia gesi endapo fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) itapasuka. M96 ni ya ukoo wa zamani: haina jino la tatu, na njia yake ya kuelekeza gesi mbali na uso wako ni dhaifu zaidi. Chuma chake ni safi na inalenga vizuri, ila ibaki na 6.5x55 yake. Kwa swala pala hiyo inatosha kabisa, na ukikubali kuiacha .30-06, fundi atakuwa na kazi ndogo.

M48 ni imara pia, lakini risiva yake ni fupi kuliko ya 98 ya kawaida kwa takriban milimita 6. Wengi hugundua hilo baada ya kununua kitako cha K98k, wakakuta matundu ya skrubu hayakutani. Magazini nayo ni fupi. Ichukue kwa 8x57, risasi yake ya asili, au .308, si kwa .30-06. K98k ya 1944 inategemea ile utakayoishika mkononi. Vita ilipokuwa ikielekea mwisho viwanda viliharakisha kazi, na alama za mashine zikaachwa bila kusawazishwa. Ukiwa na VZ24 mezani, hakuna sababu ya kujitafutia kazi ya ziada.

Kuhusu .30-06 yenyewe: kitako cha ganda lake na cha 8x57 vyote ni takriban milimita 12, hivyo uso wa bolti hauguswi. Tofauti iko kwenye urefu. 8x57 nzima ina milimita 82, .30-06 inafika 84.8. Fundi atarefusha nafasi ya magazini kidogo na kusawazisha mteremko wa kupandishia risasi. Akiuondoa mteremko huo kupita kiasi, anakula chuma kinacholishikilia jino la chini la bolti. Kosa hilo halirekebishiki.

Sasa vipimo. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti, kisha toa springi na pini ya kufyatulia ndani yake. Paka masizi ya tadoba nyuma ya meno mawili ya mbele, irudishe, ifunge na kuifungua mara kadhaa huku ukiivuta nyuma kidogo. Masizi yafutike kwenye meno yote mawili. Likifutika moja tu, jino hilo ndilo linalobeba mzigo wote. Kisha ingiza waya uliopindwa ncha, upapase mahali meno yanapokaa ndani ya risiva. Ukihisi ngazi au kishimo, chuma kimebonyea kwa shinikizo: iache. Dalili yake nyingine ni bolti kuwa nzito mwanzoni unapoinua mkono wake. Usikubali maneno ya kuisugua mpaka ilainike. Ugumu wa Mauser uko kwenye ganda la juu la chuma tu, na ukilisugua likaisha unabaki na chuma laini.

Geji ya chemba, yaani kipimo cha nafasi ya ganda bolti ikiwa imefungwa, haina maana kubwa kwenye mtutu wa zamani, maana mtutu huo unaondoka. Itakuhusu mtutu mpya ukishafungwa: bolti ifunge kwenye geji ndogo, ikatae kwenye kubwa.

Na kabla ya yote, kibali. Chini ya Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 unahitaji cheti cha bunduki hiyo, na fundi naye awe na leseni. Kubadilisha aina ya risasi hubadilisha maelezo ya bunduki yako, kwa hiyo zungumza na polisi kabla mtutu haujafunguliwa.

SWALI: Je, kwa nyati? Nimeambiwa nitafute bunduki kuukuu ya jeshi, P14 au M1917, niifanye .375 H&H. — Msomaji, Gulu

JIBU: Umeambiwa vizuri. Risasi ya .375 H&H ina milimita 91, na kuilazimisha ndani ya Mauser ya kawaida ni kuukata ule mteremko tuliouzungumzia. P14 na M1917 zina risiva ndefu na nzito. Kati ya hizo mbili, M1917 ilizaliwa kwa .30-06, wakati P14 ni ya .303.

Chunga zile zenye alama ya Eddystone, kimojawapo cha viwanda vilivyozitengeneza. Mitutu yake ilikazwa kwa nguvu nyingi, na risiva zimewahi kupasuka wakati wa kuifungua. Fundi akereze kwanza mfereji kwenye mtutu, karibu kabisa na risiva, ili kulegeza mkazo. Baada ya kuutoa, apake mafuta ya taa, afute, kisha anyunyize unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe.

SWALI: Lee-Enfield No. 4 inaweza kuwa .30-06? — Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana. Meno ya bolti yake yako nyuma, hivyo bolti na risiva hujinyoosha kidogo kila inapofyatuliwa. .303 inavumilia hilo, .30-06 ina shinikizo kubwa zaidi. Isitoshe, magazini yake ni ya ganda lenye ukingo kwenye kitako, na la .30-06 halina. India ilitengeneza Lee-Enfield ziitwazo 2A za milimita 7.62, lakini hizo zilitengenezwa mpya kiwandani kwa chuma bora. Yako iache na .303, punguza mbao, weka mpira kwenye kitako.