Mzee wa Baraza Anajibu: Je, Mtei alimtupa Mwalimu?

SWALI: Shikamoo mzee. Baba husema Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alimtupa Mwalimu Nyerere alipojiuzulu mwaka 1979, nchi ikiwa imebanwa kila upande. Mimi naona alifanya la haki. Jana tumebishana hadi ugali ukapoa. Waziri asiyekubaliana na Rais wake afanyeje, atii au aondoke?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Nisalimie baba, umwambie hasira yake naijua. Nilikuwa nayo miaka mingi.

Wakati ule nilikuwa karani wa benki Dar es Salaam. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, mafuta yamepanda bei, na vita vya kumwondoa Idi Amin tulivigharamia wenyewe. Mtu akija kuomba dola za kuagizia spea za lori, namrudisha na fomu zake mkononi. Mke wangu alikuwa akitoka alfajiri kupanga foleni ya sabuni.

Mtei ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha. Benki Kuu ilipoanza 1966, Mwalimu alimkabidhi yeye, gavana wa kwanza, kwa hiyo hesabu za nchi alizijua kama kiganja chake. Akazungumza na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, akaona mkopo hautoki bila kushusha thamani ya shilingi, akampelekea Mwalimu habari hiyo. Mwalimu akakataa katakata. Januari 1980 akawauliza mabalozi: IMF imegeuka lini kuwa wizara ya fedha ya dunia? Tulishangilia, na hatukushangilia bure. Shilingi ikishushwa unga unapanda bei, na anaumia mwenye mshahara kama wangu, na Mwalimu hilo lilikuwa likimkosesha raha. Usimwambie baba yako kwamba dhamiri ilikuwa kwa Mtei peke yake.

Lakini Mtei angeweza kunyamaza, akabaki na kiti na gari, akawa anatetea bungeni jambo asiloliamini. Akajiuzulu, Desemba 1979. Kwangu mimi huo ndio utiifu: alimwambia mkubwa wake ukweli uso kwa uso, na alipokataliwa akampisha, ili Rais apate waziri anayeamini anachokisimamia. Wanaobaki huku mioyo yao imeshaondoka ndio wanaomwacha kiongozi peke yake, na yeye hajui.

Wala hapakuwa na kufukuzana. Mwaka 1982, Mwalimu akiwa bado Ikulu, Mtei alikwenda Washington kuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wa IMF, akiziwakilisha nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Hilo baba yako pengine hajalisikia, mweleze.

Mimi nilichelewa kuelewa. Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Rais, shilingi ilishushwa hatimaye: dola ilitoka takriban shilingi 17 ikafika 40. Ubao wa viwango pale kaunta nilikuwa naubadilisha mimi. Nilifuta namba ya zamani kwa kitambaa, nikasimama na chaki mkononi, nikamkumbuka Mtei.