Barolo imepauka na ina mashapo: imeharibika?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu anayeishi Turin aliniletea Dar es Salaam chupa mbili za Barolo Monprivato, mvinyo mwekundu wa Italia, za mwaka 2013. Tumefungua moja: rangi yake imepauka kama chai ya rangi iliyozidishwa maji, chini kuna mashapo, na ulimi unakauka kabisa. Imeharibika? Hii ya pili niifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Usiimwage! Kwa maelezo yako, hiyo ni Barolo ya mtindo wa kizamani, yenye afya yake.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo peke yake. Ganda la Nebbiolo lina rangi haba, tena isiyodumu, ila ukakasi umejaa tele. Ndiyo maana mvinyo wake huelekea rangi ya tofali mapema, huku ukikaza mdomo kama ndizi mbichi. Anayepima nguvu ya mvinyo kwa weusi wake hudanganyika hapa.

Monprivato ni jina la shamba lililoko Castiglione Falletto, mkoani Piemonte. Familia ya Mascarello, inayotengeneza mvinyo huu, ipo hapo tangu 1904, na mwaka 1970 ndipo zabibu za shamba hilo zilipoanza kutiwa chupani peke yake, bila kuchanganywa na za kwingine. Juisi huchachuka pamoja na maganda kwa wiki kadhaa, kisha mvinyo hulazwa miaka katika mapipa makubwa ya mwaloni, ya maelfu ya lita. Miaka ya 1980 baadhi ya majirani walihamia mapipa mapya ya lita 225, ambayo huachia harufu ya vanila na kupitisha hewa zaidi kwa kila lita, hivyo mvinyo hulainika upesi. Mimi nauonea mtindo huo mashaka: vanila ikizidi, utajuaje umekunywa shamba gani?

Ndani ya chupa, ukakasi na rangi huungana polepole, huwa vizito, huzama. Hayo ndiyo mashapo yako. Na 2013 mavuno yalichelewa kwa ubaridi, kwa hiyo ukali wake bado haujaisha.

Chupa ya pili isimamishe siku nzima. Imimine taratibu kwenye jagi, ukiacha mashapo chini, na uiache saa mbili ipate hewa. Vyumba vyetu vina joto mno, kwa hiyo jagi likae kwenye friji kwa muda kabla ya kunywa. Nyuzi 17 hivi zinatosha, maana ikipoa sana ukakasi huzidi. Inywe na mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta, kwa kuwa protini ya nyama hushika ukakasi kabla haujafika ulimini. Pilipili weka mbali siku hiyo.

Ukisikia harufu ya siki au ya boksi lililolowa, hapo ndipo uimwage.